Baraza la kata huku kwetu Rungwe, nyota tatu na zote za yule mama

Wadau wa Mbeya na Rungwe mnaotaka kupeleka kesi ya shamba, hii inawahusu. Nimezunguka na mama yangu kwenye baraza la kata (kata gani nanyamaza, wenyewe wakisoma watajijua) toka tunapanda viazi mpaka tumevuna, ndo kwanza nimepumua naandika.

Kesi yenyewe ni mpaka. Zamani pale mwisho wa shamba letu hakuna aliyekuwa na habari napo, majani ya ng'ombe tu, ila tangu watu waingie kwenye parachichi za Hass na magari ya wanunuzi yaanze kupanda mpaka huku juu, kila hatua ya udongo imekuwa hela. Jirani akaamka akapanda mistari miwili ya miche upande wetu. Mama akamuuliza, akajibiwa "mpaka ulikuwa hapa hapa shangazi, umesahau". Balozi wa nyumba kumi akashindwa, tukaandikiwa barua kwenda kata.

Huduma sasa. Baraza linakaa Alhamisi, saa tatu kwa maandishi, kiukweli saa tano. Wiki ya kwanza tumefika na baridi ile ya mwezi wa saba, tumekaa kwenye benchi mpaka miguu imekufa ganzi, katibu anatoka anasema wajumbe hawajatimia rudini wiki ijayo. Nikaja kusoma baadaye kwamba baraza zima linatakiwa liwe na wajumbe wanne mpaka wanane na watatu kati yao wawe wanawake, lakini kwenye kusuluhisha watatu tu wanatosha mradi mmoja awe mwanamke. Siku ile nilihesabu watatu, na mama mmoja alikuwepo! Ila nilikuwa sijui chochote nikabeba mwavuli tukaondoka. Na elfu tano ya "karatasi" tulitoa, risiti mpaka leo sijaiona.

Wiki ya pili ndo nikaona uzuri wa hiki kitu. Kaka yangu alitaka alete wakili toka mjini, akaambiwa hapana, sheria hairuhusu wakili asimame pale kama wakili, kila mtu anajisemea mwenyewe kwa lugha yake. Yani mama yangu ambaye mbele ya hakimu angetetemeka, pale aliongea kama yuko jikoni kwake, kidogo Kiswahili kidogo Kinyakyusa na wote wanamwelewa. Halafu kulikuwa na mjumbe mmoja, mama mtu mzima, amejifunga kitenge kiunoni na daftari la shule mkononi. Hakuuliza mpaka uko wapi. Alimuuliza jirani: "Baba yako alipokuwa anafunga ng'ombe, kamba ilikuwa inafika wapi?" Jamaa akajibu bila kufikiri, inafika kwenye kisiki cha mringaringa. Ukumbi kimyaaa, maana kisiki chenyewe kiko upande wa kwake, hakifiki hata kwenye miche aliyopanda! Tukaenda wote mpaka shambani, yule mama akachutama akafukua kwa kijiti mwenyewe, mizizi ya kisiki ikaonekana.

Hapo ningetoa nyota tano nikalale. Tatizo likaja kwenye kuandika.

Katibu akaandika "HUKUMU" kwa herufi kubwa, mlalamikiwa ang'oe miche ndani ya siku 14, muhuri, saini. Sisi tukashangilia, mama akasema ndaga fijo (asante sana) kwa kila mjumbe. Siku 14 zikaisha miche inazidi kunawiri. Tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya tukijua tunaenda kukazia hukumu, karani akaiangalia akatuonea huruma kabisa, akasema hii haina nguvu, baraza la kata haliamui tena. Kumbe zamani lilikuwa linaamua kesi za ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3, sheria ikabadilishwa 2021, sasa hivi kazi yake ni kupatanisha basi. Mkipatana sawa, mkishindwana wanakupa cheti kwamba suluhu imeshindikana, na cheti hicho ndo kinakufungulia mlango wa wilayani.

Sasa niambieni, mtu wa kawaida atajuaje? Ile sheria ya mahakama za ardhi ni ya 2002, watu wameizoea karibu miaka ishirini kwamba kata inahukumu, wajumbe wenyewe bado wanahukumu, muhuri wenyewe bado unatisha. Kuwabadilishia kazi bila kuwaita hata semina ya siku moja (katibu aliniambia mwenyewe hajawahi kuitwa) ndo nini? Mimi siwalaumu sana wale wazee, wanakaa pale kwa posho ambayo hata nauli ya haisi haitoshi, wa kulaumiwa ni waliotunga wakaishia kutunga.

Tukarudi kata kuomba cheti. Katibu akanuna, anaona tumedharau hukumu yake. Njoo kesho, njoo Alhamisi, mwenyekiti kasafiri. Kilichotuokoa ni msaidizi wa kisheria mmoja wa kijijini kwetu, hakutoza hata mia, akasema zikipita siku 30 toka mlipopeleka shauri na suluhu haijapatikana, nendeni wilayani hata bila cheti, sheria inaruhusu. Siku 30! Sisi tulikuwa na miezi mitatu. Nilipomtamkia katibu hiyo habari, cheti kikapatikana mchana ule ule.

Shauri liko wilayani, limepangiwa tarehe. Kwa mnaokwenda kata, muulizeni katibu mapema karatasi yake itaandikwaje, msifurahie neno hukumu kama sisi, na tarehe mliyofungua shauri muiandike mahali. Mkimkuta yule mama wa daftari kaeni benchi la mbele. Choo kipo nyuma ya ghala la mbolea, ufunguo anao muuza maandazi.