Mashine ya espreso ya mtumba kwa matumizi ya nyumbani: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Mashine ya espreso iliyokwisha kutumika huishi au hufa kwa jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni kama fundi wa kawaida anaweza kuifungua kwa bisibisi, akabadilisha kilichochakaa na kuifunga tena. Kwetu Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ambako vipuri vya mashine hizi havipatikani katika kila duka la umeme, sifa hiyo inapaswa kutangulia uzuri wa umbo, wingi wa vitufe na hata ile «bari 15» inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Espreso huhitaji shinikizo la bari 9 hivi juu ya kahawa. Hizo 15 ni uwezo wa juu wa pampu, wala hazimwongezei mnywaji ladha yoyote. Nimezipanga mashine zifuatazo kwa kigezo hicho cha kutengenezeka.

Kabla ya jina la mashine, soma kwanza kibandiko kilicho nyuma au chini yake. Unatafuta volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine zilizotoka Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu zinakubaliana na umeme wetu, na plagi yake ya pini tatu bapa huingia moja kwa moja kwenye soketi zetu. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60: ukiichomeka hivihivi huungua, na ukiiwekea transfoma, itabidi iwe ya wati 1,500 au zaidi, nzito na ya gharama, na bado pampu, ambayo hupiga kwa kufuata mapigo ya umeme, itasukuma maji polepole kuliko ilivyokusudiwa. Ndugu aliyeko huko akitaka kukutumia ya kwake, mshukuru, kisha mwombe fedha ya kuisafirisha uiongezee kwenye ununuzi wa hapa.

Nafasi ya kwanza naipa Gaggia Classic bila kusita. Ilianza kuuzwa mwaka 1991, na kwa zaidi ya miaka ishirini muundo wake wa ndani haukubadilika sana, kwa hiyo vipuri vyake ni rahisi kuagiza na video za kuifungua zimejaa intanetini. Kishikio chake cha kahawa ni cha milimita 58, kipimo kilekile cha mashine nyingi za mahotelini, hivyo vichujio na vikandamizi vya kampuni nyingine huingia bila shida. Ndani utakuta boila dogo la alumini, pampu ya kutetema ya aina inayotumika katika mashine nyingi za nyumbani, thermostati (vidhibiti joto) mbili, fyuzi ya joto na vali ya kuachia shinikizo. Hakuna saketi ya kompyuta ya kumtia fundi hofu. Vali hiyo ndiyo ya kuipima kwa makini zaidi. Ukizima pampu baada ya kutoa kahawa, mashine isiyo na kasoro huachia shinikizo papo hapo, nawe utasikia mfyonzo mfupi na kuona maji ya moto yakimwagika kwenye trei ya chini kupitia kijibomba chake. Pakiwa kimya, vali huenda imeziba kwa chokaa, na ukikifungua kishikio harakaharaka, machicha ya moto yatakurukia mikononi.

Kasoro zake zipo. Hita zimeshikamana na boila, hivyo ikiungua moja hununuliwa boila zima, na mvuke wake unatosha maziwa ya kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Philips, iliyoinunua Saeco pamoja na Gaggia mwaka 2009, ilileta mwaka 2015 toleo lililobadilishwa ambalo mimi huliacha. Chagua yaliyotangulia, au Classic Pro iliyofuata baadaye.

Rancilio Silvia, iliyotoka mwaka 1997, ningeiweka sawa na Gaggia kama si bei yake na uzito wa kilo 14 hivi. Boila lake la shaba la mililita 300 hutoa mvuke wenye nguvu, na fremu yake ya chuma huvumilia miaka mingi ya kazi. Joto lake hupanda na kushuka sana, kwa hiyo anayeimiliki hujifunza kuivizia taa ya hita izimike kabla ya kutoa kahawa.

Ya tatu ni La Pavoni Europiccola, mashine ya mkono isiyo na pampu hata kidogo: hita huchemsha maji, nawe unasukuma kwa mpini. Kinachochakaa zaidi ni gasketi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, na gasketi ni kitu cha bei ndogo. Uliza mwaka wake, kwa sababu kipimo cha kishikio kilibadilika kutoka milimita 49 hadi 51 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vipuri vya zamani haviingii kwenye mpya. Kifuniko cha boila kisifunguliwe kamwe kabla mvuke haujatolewa wote, na kwa nyumba yenye watoto wadogo siishauri.

De'Longhi Dedica na wenzake wadogo nawaweka nafasi ya nne. Ni wembamba, hupata moto upesi, na kichujio chao chenye kuta mbili hutoa povu hata kwa kahawa iliyosagwa vibaya. Hiyo ni nafuu kwa anayeanza, ila povu hilo lisikudanganye kuhusu ladha. Mashine kubwa zenye kichwa (sehemu kinapofungwa kishikio) cha E61, muundo wa kampuni ya Faema wa mwaka 1961, ni imara kuliko zote nilizotaja, lakini huhitaji karibu nusu saa kupata moto, na mtu asiye na fundi wa mashine za hoteli karibu asizishike. Mwisho kabisa ni zile zinazosaga na kupika zenyewe kwa kubonyeza kitufe. Zikitumika miaka bila kusafishwa hufuga ukungu ndani, na saketi ikifa, mara nyingi mashine imekufa nayo.

Ukienda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iache ipate moto dakika 20, kisha mulika kichwa chake kwa tochi ya simu: mafuta meusi ya kahawa husafishika, gasketi iliyokauka kama ubao hubadilishwa, lakini ukoko wa kijani au mweupe kwenye maungio ya boila ni dalili kwamba maji yanavuja. Ikiangusha swichi kuu ya nyumba, huenda hita inavujisha umeme, ondoka.

Fedha ya mashine ya kusagia itengwe kabla hujaanza kupatana bei. Ya visu vinavyozunguka haifai kwa espreso. Hata ya mkono, mradi iwe na meno ya chuma cha pua yanayorekebishika kidogo kidogo, itakuwezesha kutoa gramu 36 za kinywaji kutoka gramu 18 za kahawa ya Mbinga au Kilimanjaro kwa sekunde 25 hadi 30. Na maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, yasiingie kwenye tangi hata siku moja, maana chumvi hula alumini na chuma kutoka ndani.

Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, kwa kisingizio cha umeme kukatika au cha waya kupotea, mpe bei ya vipuri tu, au rudi siku umeme ukiwepo.