Alteneta ya IST: nimebadilisha kaboni na beringi, sikununua nyingine

Kama una IST, Raum, Vitz au Toyota ndogo yoyote na taa ya betri inachezacheza ukiwa kwenye foleni, usikimbilie maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kununua alteneta nyingine (ndiyo inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri). Fungua kwanza uliyo nayo. Yangu ni ile IST ya toleo la mwanzo, na alteneta iliyomo ni Denso iliyokuja nayo kutoka Japani. Nilibadilisha vinavyolika tu, yaani beringi na kaboni (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani), na tangu masika yaliyopita inachaji vizuri.

Ugonjwa ulianza polepole. Barabarani hakuna neno, ila ukisimama foleni ya Mwenge usiku, taa zinawaka na AC inapuliza, ile taa nyekundu inachungulia kwenye dashibodi na mwanga wa mbele unafifia. Ukikanyaga mafuta kidogo, taa hiyo inajizima. Baadaye ikaongezeka sauti ya kuvuma, inayopanda na kushuka pamoja na injini.

Kila aliyesikia alisema betri. Betri yenyewe ilikuwa bado changa, kwa hiyo nikaipima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.5, haina tatizo. Injini ikiunguruma, 13.1. Nikawasha taa kubwa na feni, ikashuka mpaka 12.4. Alteneta nzima inatakiwa ibaki 13.5 mpaka 14.5 hivi hata ukiwasha kila kitu, maana yake yangu ilikuwa imeshindwa kazi na betri ndiyo iliyobeba mzigo. Mkanda ulikuwa umekaza, vichwa vya betri visafi. Hivyo viwili viangalie kabla ya yote, maana vinaleta dalili hizihizi na kuvirekebisha hakugharimu kitu.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakutaka habari za mita. "Bosi, subiri nikuoneshe," akainama na spana kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, aone kama gari litazima. Nilimshika mkono. Enzi za magari ya kabureta hiyo ilipita, lakini kwenye gari lenye kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, ni hatari: betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiiondoa ghafla volti zinaweza kuruka zikaunguza vitu vya bei kuliko hiyo alteneta yenyewe. Ukimwona fundi anataka kupima hivyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Nilipita Gerezani kuuliza bei. Iliyotumika, laki na nusu. Mpya isiyo ya Denso, kama laki mbili na nusu. Muuzaji wa ile iliyotumika alikuwa mcheshi: "Kaka, hii ni yenyewe, toa funga, wiki moja garantii." Nikamwomba nifungue kifuniko cha nyuma nitazame kaboni. Akanionesha alama ya rangi ya njano aliyoipiga kwenye nati: ukigusa hapo, garantii imekufa. Hapo ndipo nilipoamua. Kwenye alteneta, kitu kinachoisha mapema ni kaboni, na hazionekani kwa nje. Unachoweza kufanya dukani ni kuzungusha puli kwa mkono usikilize kama inakwaruza, na kuitikisa upande uone kama ina mchezo. Zaidi ya hapo unanunua uchakavu wa gari la mtu mwingine usilolijua, wakati wa kwangu nilikuwa nao pale na ungeweza kupimwa.

Fundi umeme wa pili, mzee mmoja mwenye kibanda Ilala, alianza kwa kuchomoa hasi ya betri kabla ya kugusa chochote. Nikatulia. Ule waya mnene wa nyuma ya alteneta una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa bodi utaona cheche. Akaishusha, akafungua kifuniko, akanipa kaboni mkononi. Mpya hutokeza kama sentimita moja kutoka kwenye nyumba yake. Zangu zilikuwa zimebaki kama vichwa vya kiberiti, moja imelika kwa upande, na unga wake mweusi umejaa kila kona. Ndiyo maana nikikanyaga mafuta chaji ilikuwa inarudi: kaboni zilikuwa zinagusa kwa shida, na kwa mzunguko mdogo umeme kidogo uliopita haukutosha.

Nilichofurahia ni kwamba hakuishia hapo. Alipima koili za rota kwa mita, akapima moja moja diodi zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri, akanusa waya wa shaba wa nje kama umeungua. Zote nzima. Akapitisha ukucha kwenye zile ringi za shaba ambazo kaboni hukimbilia. "Zingekuwa na mfereji, mwanangu, ningekwambia nunua nyingine." Akazisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Beringi ya mbele ilipozungushwa ilisikika kama ina mchanga. Akanisomea namba iliyochongwa ubavuni, nikafuata beringi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, mwenyewe dukani, kwa sababu beringi za majina ya Kijapani zina feki nyingi mjini. Nilikataa ile iliyokuwa bei nusu ya wenzake.

Kaboni, beringi mbili na ufundi vilifika elfu sabini na kitu. Mita ilisoma 14.2 injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, na nilipowasha taa, feni na redio ilibaki 13.9. Kuvuma kumekwisha.

Ingekuwa diodi zimekufa na koili imeungua kwa pamoja, nisingehangaika kusuka upya. Hapo ningelipia mpya. Na kama mafuta ya injini yanavuja juu ya alteneta, ziba kwanza huo uvujaji, la sivyo kaboni mpya zitalowa na utarudi kwa fundi. Maji ya mafuriko vilevile, wa Jangwani mnanielewa.

Na mtu asichukue haya akayapeleka kwenye kila kifaa. Alteneta ikifa, utasukumwa pembeni. Tairodi endi au bolujointi, vile viungo vya usukani na magurudumu ya mbele, ikichomoka, hadithi ni nyingine kabisa, hivyo hizo sitengenezi, nanunua mpya. Shokapu za kutobolewa, kujazwa mafuta na kuchomelewa nazo sizitaki, hata zipakwe rangi nzuri vipi.

Naipa kazi hii nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mkanda ulirudishwa umelegea, ukawa unapiga kelele kila asubuhi nikiwasha, ikabidi nirudi ukakazwe. Pia kifuniko cha nyuma kilirudi kikiwa na nati mbili badala ya tatu, na mpaka leo hakuna anayejua ya tatu iko wapi.