TAHADHARI: "Ni gesi tu bosi" – wajazaji wa AC wanaoua kompresa za gari za zamani

Joto la kaskazi likishika, Dar na Mombasa huibuka wajazaji gesi wa kando ya barabara: mtungi mmoja wa bluu, geji, mipira miwili, na bei ya kutupa. Windo lao ni wenye gari za zamani. Wanakusikia unalalamika AC inatoa upepo wa moto, wanafungua boneti, jibu liko tayari mdomoni: "Ni gesi tu bosi."

AC haili gesi kama injini inavyokula mafuta. Mfumo umefungwa. Gesi ikipungua, kuna mahali inatokea: oringi zilizokauka, sili ya mbele ya kompresa (pampu inayozungusha gesi), kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) iliyopigwa na mawe, au koili ya ndani nyuma ya dashibodi. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia wiki mbili za ubaridi.

Kuna baya zaidi ya hilo, nalo ni kilichomo ndani ya mtungi. Gari nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zinatumia gesi ya AC iitwayo R134a. Mtungi halisi wa R134a wa kutumika mara moja una kilo 13.6 za gesi, na valvu yake imetengenezwa usijazwe tena. Sasa utazame ule wa jamaa: rangi imepigwa kwa brashi juu ya kutu, valvu ina alama za spana, karatasi ya jina imekaa upande. Huo umejazwa upya, na humo huwekwa R22 ya AC za majumbani, au gesi ya kupikia, au mchanganyiko wenye R40, yaani methili kloridi.

Gesi ya kupikia inapoza vizuri kabisa, ndiyo maana mteja anaondoka akitabasamu. Ila koili ya ndani ikivuja, gesi inayowaka inajaa mnamokaa abiria. R40 nayo inakula aluminiamu, na kompresa na kondensa ni aluminiamu, kisha inaacha kemikali inayoshika moto yenyewe ikikutana na hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, watu 3 wakafa, na uchunguzi ukaelekea kwenye R134a bandia yenye R40.

Kipimo cha haraka: mtungi uliokaa kivulini saa kadhaa, kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, R134a husoma kwenye geji takriban psi 97 (psi ni kipimo cha presha), kwenye nyuzi 25, psi 82 hivi. Ukiona 140 au 160, ukatae hapo hapo. Lakini usomaji sahihi hauthibitishi kitu, kwa sababu wachanganyaji wanajua kulinganisha presha. Uhakika unatoka kwenye kifaa cha kutambua gesi, na gereji ya AC inayojiheshimu inacho au inajua pa kukipata.

Mchezo wa pili ni wa kompresa. Gesi ikipungua sana, swichi ya presha hukata umeme wa klachi ya kompresa, yaani sumaku inayoiunganisha na mkanda wa injini, ili kompresa isizunguke bila oili, kwani oili husafiri na gesi. Ni ulinzi tu. Tapeli anakuonyesha klachi isiyoshika, anatikisa kichwa, "kompresa imekufa hii," halafu anakuletea "mpya" iliyopigwa rangi hadi juu ya vichwa vya bolti. Kabla hujatoa hela, mwambie aguse klachi kwa volti 12 moja kwa moja, sekunde moja tu, injini imezimwa. Ikilia "ta!" na kuvuta, koili ya klachi ni nzima. Apime presha kwanza, na aangalie fyuzi na relei. Kompresa mpya kweli huja na vizibo kwenye matundu yake. Ukivitoa, oili ndani ni safi. Oili nyeusi yenye vumbi linalometameta ni ya kompresa iliyokufa kwenye gari la mwingine.

Kazi halali inakwenda hivi. Tundu linatafutwa kwa naitrojeni na povu la sabuni, au kwa rangi inayoonekana kwa taa ya UV. Mfumo uliokaa wazi unabadilishiwa draya, kichujio kinachonyonya unyevu. Kisha vakyumu, yaani pampu inanyonya hewa yote, angalau dakika 30, hadi inchi 29 hivi za zebaki. Hapo maji yanachemka kwenye joto la kawaida la Dar na kutoka kama mvuke. Pampu inazimwa, sindano ya geji inatazamwa dakika 15. Ikirudi, bado kuna tundu au unyevu. Anayeruka hatua hii anaacha hewa ndani: asubuhi gari linapoza, kwenye foleni ya mchana presha ya juu inapita psi 300 na upepo unageuka moto.

Gesi inapimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Anayejaza "mpaka bomba lipate baridi" hana mizani, na gesi ikizidi inaumiza kompresa vilevile.

Kama umeshajaziwa na unashuku, zima AC na usikubali mtu aifungue gesi itoke hewani. Peleka gari penye mashine ya kunyonya gesi, na useme mapema kwamba huenda ina R40 au gesi ya kupikia, ili fundi asiichanganye na mtungi wake safi. Piga picha mtungi na dai risiti. Bidhaa bandia Tanzania hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.