Katana 50 MkII: ampu ninayopanda nayo tuktuk

Shoo yetu ya kwanza hapa Kisumu tuliipiga kwenye baa ya watu kama 60 hivi, upande wa Milimani, na hakuna aliyesikia gita langu. Nilikuwa na ampu, yaani kifaa cha kukuza sauti ya gita, ya wati 15 yenye spika ya inchi 8, ile niliyojifunzia chumbani. Ngoma zilipoingia, gita likamezwa. Nikafungua sauti mpaka mwisho. Ukubwa haukuongezeka, ulioongezeka ni mkwaruzo. Kufikia wimbo wa tatu nilikuwa natazama vidole vyangu vikitembea kwenye nyuzi bila kusikia vinafanya nini. Iliniuma sana. Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi mitano kwa ajili ya usiku ule.

Nikaweka akiba kidogo kidogo, na mwaka jana nikanunua Boss Katana 50 MkII ya mtumba kwa shilingi 34,000. Nimeshaipiga kwenye shoo kumi na nne, na nina ya kusema kwa yeyote anayepiga roki kwenye sehemu ndogo na hana pesa za kuchezea.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Wati zikiongezeka maradufu, sauti huongezeka desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo ya wati 100 haipigi mara mbili ya hii yangu ya wati 50; inaizidi kidogo. Lakini kutoka wati 15 hadi 50 ni desibeli 5 na zaidi, na ukichanganya na spika ya inchi 12 badala ya inchi 8, mambo yanabadilika kabisa. Tena unachotafuta kwenye shoo ni sauti safi inayobaki safi ngoma zikiwa zimepamba moto. Mkwaruzo hata ampu ya mtoto inaweza kukupa. Mimi nikiwa jukwaani sijawahi kupita nusu ya sauti ya Katana, na kodi zangu, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinasikika noti kwa noti.

Ina aina tano za sauti: Acoustic, Clean, Crunch, Lead na Brown, na kitufe kingine kinachoipa kila moja sura ya pili. Mimi naishi kwenye Crunch. Nikipunguza sauti kwenye gita lenyewe inasafika, nikifungua inanguruma, na hivyo ndivyo ninavyotoka kwenye ubeti kwenda kwenye kiitikio. Brown ni nzito mno kwa bendi yetu. Besi inakosa pa kupita. Binamu yangu, ambaye ni mtu wa benga tangu utotoni, aliijaribu kwenye Clean akipiga solo zile za juu juu zinazometameta. Alipiga dakika ishirini bila kuniangalia. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, kwa sababu mpiga benga hana mahali pa kujificha: sauti ikiwa na matope, kila mtu anaisikia.

Juu, kando ya vidhibiti vingine, kuna kitufe cha kuzungusha cha nguvu: nusu wati, wati 25, wati 50. Hiyo nusu wati imeniokoa. Naishi kwenye ploti, ukuta mmoja na mama mwenye mtoto mchanga, na bado nafanya mazoezi saa tatu usiku na sauti ileile ya jukwaani, ila ndogo.

Uzito wake ni kilo 11.6. Usiipuuze namba hiyo. Sina gari. Naiweka kwenye kiti cha tuktuk kando yangu, gita mgongoni, na nikishuka naibeba mwenyewe kwa mkono mmoja. Dereva mmoja pale Kondele aliniuliza, "Dada, hiyo ni spika ya kanisa?" Nikamwambia ni ya gita. Akazima redio na kutaka kujua tunapiga wapi Jumamosi. Ampu za valvu, zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo, nazipenda, nakiri, zina joto ambalo Katana hailifikii ukiiweka kando yake. Lakini ni nzito, ni ghali, valvu huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na sitaki kuibeba kama mtoto wa kioo kwenye barabara zetu.

Sasa stima. Hapa ndipo ninapowasihi wanaonunua mtumba. Kenya tunatumia volti 240. Vifaa vingi vya mtumba vinatoka Marekani, ambako ni volti 120, au Japani, ambako ni volti 100. Kabla hujatoa hata shilingi, geuza ampu usome kibandiko cha nyuma. Mwenzangu wa kinanda hakusoma. Alichomeka, ukatoka moshi, na muuzaji akasema alikiuza kikiwa kizima. Mimi pia hutembea na fridgi-gadi, ileile ya friji ya nyumbani, kwa sababu stima ikipotea katikati ya shoo na jenereta ikawashwa, sekunde za kwanza umeme hupanda na kushuka ovyo.

Kuna mambo mawili yanayonisumbua. Swichi ya mguu haiji nayo. Unanunua kando, na bila hiyo lazima uiname kubadilisha sauti, mkono ukiwa umeacha nyuzi. La pili, tundu la kutolea sauti kwenda kwenye miksa ndilo hilohilo la hedifoni, na ukichomeka waya spika inanyamaza. Basi ukumbi ukiwa mkubwa inabidi uweke maikrofoni mbele ya spika. SM57 ndiyo inayosifika kwa kazi hiyo, lakini baa nyingi hapa zina SM58 za waimbaji tu, na nimegundua inafanya kazi vizuri: isogeze karibu na kitambaa cha mbele ya ampu, pembeni kidogo ya katikati ya spika, ili ukali upungue.

Kabla ya kununua nilijaribu pia Orange Crush 35RT ya rafiki. Mkwaruzo wake ni mtamu kuliko wa Katana, nasema hivyo bila kusita, lakini ni wati 35 na spika ya inchi 10, na kwenye sauti safi ilianza kulalamika mapema. Kwa anayepiga bila ngoma kubwa ningemwambia achukue hiyo.

Na usiiweke sakafuni. Ikikaa chini, sauti inapita kwenye magoti yako, sakafu inaongeza mvumo, halafu unazidi kufungua huku watu wa meza ya mbele wanaziba masikio. Iinue juu ya kreti ya soda, iegemeze nyuma kidogo itazame uso wako. Mimi huomba kreti jikoni tukifika, kabla wateja hawajajaa.