Kwenda Kuhesabiwa kwa Treni: Uzoefu Wangu Dar–Moshi, Desemba

Watu wa Kilimanjaro tuna utani wetu wa kila Desemba tunaporudi nyumbani kwa sikukuu: tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo ni mtamu mpaka ufike kwenye nauli. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanapanga nauli kwa kilomita na kila mtu anaijua, lakini wiki ya Krismasi ukifika kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar, unakutana na hesabu nyingine. Kampuni moja ya mabasi, jina lake nalihifadhi, ilituandikia tiketi kwa nauli halali, huku mkononi tukitoa zaidi kwa kila kichwa, hadi mtoto wa kupakata. Ukiuliza unaambiwa kama hutaki shuka, wa kukaa hapo wapo.

Msimu uliofuata tukapanda treni. Nazungumzia ile ya reli ya zamani inayopita Ruvu, Korogwe na Same kwenda Moshi na Arusha. Sio SGR, ile reli mpya ya umeme ya Dodoma; nashangaa wangapi bado wanazichanganya. Treni ya abiria ilirudi njia hii Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka ishirini, na wakati huo daraja la tatu hadi Moshi lilikuwa shilingi 16,500. Sisi tulichukua daraja la pili kukaa, na familia nzima tulilipa pungufu ya alichotaka mpiga debe kwa watu wazima wawili. Dirishani hakuna kubembelezana. Unatoa kitambulisho, unalipa kilichoandikwa, unaondoka na tiketi yako.

Sasa, kuhusu mwendo. Basi la Moshi ni safari ya mchana mmoja, saa tisa hadi kumi hivi barabara ikiwa nzuri. Treni unalala njiani. Reli ni moja, hivyo mkikaribia kukutana na nyingine mmoja anasubiri stesheni mwenzake apite. Mwenye kikao asubuhi aende na basi. Lakini kwa mwenye watoto nitabishana na yeyote: choo kipo ndani ya behewa. Aliyewahi kumwomba dereva asimame mtoto achimbe dawa, dereva akajibu "subiri Korogwe", atanielewa bila maelezo. Watoto walitembea, wakapata marafiki behewa la jirani, wakalala. Behewa la chakula lipo, ila mke wangu alishakaanga kuku na kufunga maandazi, kwa hiyo huko nilinunua chai tu. Kulipokucha milima ya Upare ilikuwa kulia kwetu, na huo ndio upande wa kukaa ukiwa na mtoto anayetaka kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika.

Mizigo nayo. Desemba hakuna anayepanda mlimani mikono mitupu: mchele, sukari, mafuta ya kula, vitenge vya akina mama. Kwenye basi kila kiroba kina bei yake na mabishano yake. Kabla hujafunga chochote, uliza stesheni uzito unaoruhusiwa na kinachozidi kinalipiwaje, maana hapo pia bei ipo, tofauti ni kwamba unaijua mapema. Ukishuka Moshi uko mjini tayari. Hiace za Marangu na Kibosho si mbali, ingawa bodaboda wa kukumalizia kile kipande cha mwisho cha mgomba hadi mgomba anajua fika ni sikukuu.

Nilichojifunza zaidi hakihusu treni, kinahusu tarehe. Kati ya tarehe 20 na 24 mabasi yanapanda yamejaa na kushuka Dar karibu matupu. Baada ya Mwaka Mpya meza inageuka, kwa sababu shule zinafunguliwa na kila mtu anataka kuwa Dar siku moja. Wengi wanajipinda kutafuta tiketi ya kwenda, ya kurudi wanamwachia Mungu, halafu Januari ndiyo inawamaliza. Tulikata zote mbili kwa pamoja. Na kama una bibi au shangazi wa kuwapokea, watangulize watoto shule zikifungwa tu mwanzoni mwa Desemba, wewe ufuate likizo yako ikiruhusu. Hata kupanda tarehe 26 si aibu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, bado ipo, ndafu, yaani mbuzi wa kuchoma mzima, wa Mwaka Mpya hajachinjwa, na wazee hawakufukuzi kwa kuchelewa Krismasi, watakusema kidogo tu.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujamwahidi mtu safari. Njia hii mvua kubwa zikiiharibu, treni husimamishwa hadi itengenezwe, na siku za safari kwa wiki hubadilika. Piga simu au pita stesheni ukahakikishe ratiba ya msimu huo. Usitegemee ya mwaka jana wala picha ya tangazo iliyozungushwa kwenye kundi la ukoo.

Mwaka huu mama mkwe anasafiri nasi na mgongo wake hautaki kukaa usiku kucha, kwa hiyo nawahi daraja la pili kulala. Vitanda huisha kabla ya viti, nami nimeshamwambia shemeji yangu kama anataka kuungana nasi alete pesa mwezi huu, ahadi sipokei.