Nyimbo nane za Remain in Light, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Waambie mashabiki wa Talking Heads, bendi ya roki ya Marekani, waipange albamu yao Remain in Light wimbo kwa wimbo: wengi wataweka Once in a Lifetime juu bila kufikiri mara mbili, na ubishi utaanzia nafasi ya pili. Hapa Once in a Lifetime ni ya tatu. Wimbo wenyewe ni mzuri sana. Ila albamu hii ya Oktoba 1980 ilijengwa kwa ufundi wa namna yake, na zipo nyimbo mbili zilizoufikisha ufundi huo mbali zaidi.

Ufundi wenyewe ni huu. Wanabendi wanne, David Byrne, Tina Weymouth, Chris Frantz na Jerry Harrison, waliingia studio ya Compass Point, Nassau, huko Bahamas, pamoja na prodyuza Brian Eno, bila nyimbo zilizokamilika. Walipiga tu. Kila mmoja alitafuta kipande kifupi, akakirudia na kukirudia huku kanda ikizunguka, na kilichonoga ndicho kilichobakizwa. Enzi hizo hapakuwa na kompyuta ya kunakili na kubandika, kwa hiyo marudio mengi unayoyasikia ni mikono ya watu. Baadaye, kwenye meza ya kuchanganyia sauti, vipande viliwashwa na kuzimwa mpaka wimbo ukapata umbo. Maneno yalikuja nyuma ya muziki, na kazi ikamaliziwa New York.

Matokeo yake ni kwamba karibu kila wimbo unakaa palepale, hauhami kordi kama nyimbo za roki zilivyozoea. Kinachobadilika ni nani anapiga na nani amenyamaza. Walichokuwa wakikisikiliza sana ni Afrobeat ya Mnigeria Fela Kuti, hasa albamu yake Afrodisiac ya 1973. Aliyekulia kwenye sebene hatapata shida kuuingia muziki huu, maana ni sheria ileile: magitaa ya solo, mi-solo na rithimu yanajibizana, na ukilisikiliza gitaa moja peke yake utadhani mpigaji hajui anachofanya.

Ndiyo maana albamu hii inawashinda wanaoisikiliza kwa spika ya simu. Spika ndogo haitoi besi, na besi ikipotea kinachobaki ni kelele za juu zinazojirudia dakika 5. Tumia spika zenye besi ya kweli au vipokea sauti vinavyofunika masikio, na kila wimbo upe mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza fuata besi tu. Wa pili, fuata magitaa, la kushoto kisha la kulia. Wa tatu, sauti za watu. Baada ya hapo ndipo ubishane na mpangilio huu.

Nafasi ya kwanza ni The Great Curve, wimbo wa mwisho upande wa kwanza wa santuri, zaidi ya dakika 6. Kasi yake ni kubwa kuliko nyingine zote, na haupumziki. Sikiliza sauti: Byrne anaimba mstari mmoja, waitikiaji wanaingia na mstari wa pili, kisha wa tatu unapandishwa juu ya hiyo miwili, na yote inaendelea kwa pamoja bila mmoja kumkanyaga mwenzake. Nona Hendryx yumo kati ya waitikiaji hao, na nguvu yake inasikika. Halafu kuna Adrian Belew, mpiga gitaa mwalikwa, ambaye anapasua mara mbili, mara ya pili ikiwa mwishoni kabisa. Gitaa lake linapiga mayowe kama mnyama mkubwa aliyekurupushwa porini. Jaribu kuondoa kipande chochote kichwani mwako, hata kile kigitaa kidogo kinachokwaruza nyuma: wimbo unayumba. Katika albamu nzima hakuna mwingine uliofumwa hivi.

Born Under Punches, unaofungua albamu, uko nyuma yake kwa unywele. Besi yake inakatwakatwa na kudunda kama mpira, ikiacha nafasi nyingi, na kila nafasi inajazwa na kitu kingine. Katikati linaingia gitaa lililopitishwa kwenye mitambo mpaka likalia kama mashine ya michezo ya video iliyoharibika. Wanaosema hiyo si solo ya gitaa wanakosea. Ni solo ya wimbo wa mtu aliyezidiwa na mambo, mtumishi wa serikali anayeomba watu waitazame mikono yake. Kinachoushusha nafasi moja ni dakika ya mwisho: kiitikio kinarudiwa na kurudiwa kwa uzuri, lakini hakuna kipya kinachoongezwa juu yake, ilhali The Great Curve unaongeza hadi sekunde ya mwisho.

Sasa Once in a Lifetime. Byrne alichota mtindo wa wahubiri wa redioni wa Marekani: beti zinasemwa kwa kupandishiwa sauti, kisha kiitikio kinaimbwa kama kwaya. Besi ya Weymouth ni ileile toka mwanzo hadi mwisho, fupi, yenye pengo mahali ambapo sikio linategemea noti. Eno aliisikia ile moja, pigo la kuanzia kuhesabu, mahali tofauti na bendi, na hesabu zote mbili zikabaki ndani ya wimbo. Ukijikuta unatikisa kichwa kisha unapotea, sababu ni hiyo, wala si masikio yako. Karibu na mwisho Harrison anaingiza kinanda kilichoegemea What Goes On, wimbo wa bendi ya The Velvet Underground, na hapo ndipo wimbo unafunguka. Uingereza ulifika nafasi ya 14 mwanzoni mwa 1981. Mbona basi wa tatu? Kwa sababu hapa mtu mmoja amesimama mbele na wengine wote wako nyuma yake. Ni mahubiri makubwa, lakini uhai wa albamu hii uko pale ambapo hakuna anayesimama mbele.

Crosseyed and Painless ni wa nne, na kama kipimo kingekuwa kucheza tu, ungekuwa wa kwanza. Ni fanki ya kukimbia, na karibu na mwisho Byrne anaghani kuhusu ukweli na jinsi usivyotegemeka. Frantz alikuwa amemsikilizisha The Breaks ya rapa Kurtis Blow, na athari yake haijifichi. Wimbo huu ulikua zaidi jukwaani kuliko studio. Ndio unaofunga filamu ya tamasha lao, Stop Making Sense, ya 1984, na hapo una misuli ambayo santuri haina.

Listening Wind ni wa tano, na wapo watakaokasirika kuuona chini hivi. Unamhusu Mojique, mtu anayewatazama wageni wa Kimarekani kijijini kwake na kuandaa mabomu dhidi yao. Bendi ya Wamarekani inamweka msikilizaji upande wa Mojique na haimhukumu. Mwaka 1980 huo ulikuwa ujasiri, na leo bado unamfanya mtu akae vizuri kitini. Mwimbaji Peter Gabriel aliurudia mwaka 2010 katika albamu yake Scratch My Back, akaondoa ngoma na magitaa, na wimbo ukasimama. Hiyo inaonyesha ubora wa utunzi. Inaonyesha pia kwamba mpangilio wa vyombo wa mwaka 1980 haukuwa wa lazima sana.

Houses in Motion, wa sita, una tarumbeta za Jon Hassell zinazosikika kama pumzi ya mtu. Zikinyamaza, mwendo unabaki uleule tu. Seen and Not Seen ni wa saba: Byrne anasimulia kwa sauti ya chini habari za mtu anayejaribu kubadili uso wake kwa kuuwazia. Mfupi, mzuri, hauombi zaidi.

The Overload ni wa mwisho, bila shaka yoyote. Inasimuliwa kwamba walitaka kutengeneza kitu kama bendi ya Kiingereza ya Joy Division, kwa kusoma tu ilivyoandikwa magazetini, kabla ya kuisikia. Dakika 6 za mvumo mzito na mwendo wa mazishi. Unaifunga albamu kwa hali inayofaa, lakini vipande havijibizani hata kidogo. Vimelazwa tu kimoja juu ya kingine.

Kwa anayetaka kununua: upande wa kwanza wa santuri una nyimbo tatu za dakika 17 hivi, wa pili una tano za karibu dakika 23. Upande mfupi unaruhusu mifereji mipana, hivyo besi ya Born Under Punches inapata nafasi ya kutosha. Upande wa pili umebanwa, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo sauti za juu zinavyochakaa. Listening Wind ndio unaoumia. Ukinunua iliyotumika, jaribu wimbo huo kwanza. Toleo la CD la 2006 lina majaribio manne yasiyokamilika, likiwemo Right Start, mbegu ya Once in a Lifetime, na Fela's Riff, yaani kipande cha kurudiwa cha Fela, jina linalojieleza. Kwa The Great Curve ya jukwaani, tafuta albamu ya jukwaani The Name of This Band Is Talking Heads ya 1982, ile sehemu iliyopigwa na bendi iliyoongezewa wanamuziki.

Na usiiache ya Angélique Kidjo wa Benin, yule yule aliyewahi kuiimba Malaika. Mwaka 2018 aliirekodi albamu nzima upya, na miongoni mwa aliowaita kupiga ngoma ni Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela mwenyewe.