Moduli ya microSD isiyojua kuachia laini: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Juzi juzi nilinunua duka fulani Kariakoo moduli ya microSD (kibodi cha kuchomekea kadi ya kumbukumbu), zile za buluu zenye pini sita, niitumie na MSP430, chipu ndogo inayoendesha mtambo, pamoja na redio ya SX1276. Mtambo wenyewe unakaa shambani: unaamka, unapima unyevu wa udongo, unaandika kwenye kadi, unatuma, unalala. Moduli peke yake, safi. Redio peke yake, safi. Ukiziunga zote mbili, redio inakuwa bubu. Rejista 0x42 ya redio hii, yaani kisanduku cha namba ndani yake, ukiisoma inatakiwa irudishe 0x12. Mimi napata 0xFF, biti zote moja. Nabadilisha waya, 0xFF. Napunguza kasi ya saa (mapigo yanayoongoza mawasiliano), 0xFF. Nachomoa kadi yenyewe, bado 0xFF!

Nikairudisha dukani. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Kaka, hiyo umeiunguza mwenyewe. Vitu vya umeme havirudishwi." Kitu kinachoandika kadi bila shida kimeungua wapi? Nikamuuliza kama MISO, waya wa kurudishia data, inaachiwa volti ya CS, waya wa kuchagulia kifaa, ikipanda. Akaniambia ninunue Arduino, bodi ya wanaojifunza.

Basi kwa faida yake: kwenye SPI, njia ambayo vifaa hivi vinaongelea, waya za saa, MOSI na MISO ni za wote, ila CS kila kifaa kina yake. CS ikishuka, kila pigo la saa linapeleka biti moja kwa MOSI na kuleta nyingine kwa MISO. Mapigo 8 yakipita, mmeshabadilishana baiti. CS ikipanda, kifaa kiachie MISO mwenzake aongee. Moduli hii haiachii. Ni mshehereshaji aliyemaliza zamu yake akang'ang'ania maiki. Kadi haina kosa, na hata ile IC (chipu) ya 74LVC125A inayopitisha ishara katikati siilaumu. Ina njia nne, kila njia na mguu wake wa kuifungulia. Aliyechora bodi ameuunga mguu wa njia ya MISO moja kwa moja kwenye grandi (volti sifuri), kwa hiyo iko wazi usiku na mchana.

Nikaunyanyua mguu ule kwa ncha ya sindano, nikauunga na CS kwa waya mwembamba. 0x12 hiyo hapo! Hasira zikashuka. Nikasema haya, nyota tatu, kwa bei ile mtu analalamika nini?

Kisha nikaweka mita kupima umeme wakati mtambo umelala. MSP430 ikilala vizuri inakula chini ya maikroampia 1, na ndiyo sababu niliichagua. Regyuleta ya moduli hii, ile ya kushushia volti, peke yake inakula kama miliampia 5, kazi hakuna. Betri zangu za AA ni za 2000 mAh: saa 400, siku 17 hazifiki, na hapo hujaandika hata baiti moja. Nyota tatu nazirudisha mfukoni.

Regyuleta nayo nimeing'oa, nimepitisha volti 3.3 moja kwa moja. Sasa cha kwao kilichobaki ni nini? Soketi. Na soketi ni nzuri, sikatai, kadi inaingia inabana vizuri. Soketi naipa nne. Dukani kwao sirudi tena, labda nikitaka soketi nyingine.